Mwaka wa Motere Sebuleni

Mwezi uliopita tulimzika Mama Odia, jirani yetu wa zamani pale Makomeno, na kwa kuwa katika watoto wa ile avenyu mimi ndiye ninayesemekana kuwa na mdomo, waliniomba niseme neno. Nilisimama nikasema. Nilisema kwamba kwa miaka mingi hakuna kilio kilichofanyika kwetu bila mkono wake. Kwamba yeye ndiye aliyejua sufuria kubwa ziko kwa nani, mikeka iko kwa nani, na nani asiketishwe karibu na nani. Watu wakacheka kidogo, wakafuta machozi. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Sikusema kwamba kuna mwaka mmoja nilimchukia mama huyu, hata nikisikia sauti yake nje nilikuwa naingia chumbani na kufunga mlango. Mbele ya jeneza mtu hasemi maneno ya namna hiyo. Lakini sasa nimerudi nyumbani, viatu nimevua, miguu imevimba, na mwaka ule umenikaa kooni. Basi niuteme.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, na diploma ya ufundi wa magari iliyokuwa haijanisaidia kitu. Nilikuwa nimezunguka garaji saba. Kwenye ya kwanza walidhani nimemletea mtu chakula. Kwenye ya nne walinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu wakaniuliza kama najua kuandika faktura za wateja. Niliishi kwa Tantine Béa, mdogo wa mama yangu, na mumewe Tonton Médard, mtu mpole wa miguu mirefu aliyekuwa akitunza bohari ya mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini aliyeitwa Papa Kambale. Papa Kambale aliuza unga na mabati kwa jumla, alikuwa na malori yake na garaji yake, na alicheka kwa kila jambo isipokuwa malori. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: gari ndogo ya mbio ya Kiitalia, ya viti viwili, nyekundu, kuukuu kuliko mimi, aliyoinunua kwa mzee mmoja Mgiriki aliyekuwa akirudi kwao. Gari lilikuwa zuri kama bibi arusi na motere yake, yaani injini, ilikuwa imekufa. Tonton Médard alimsumbua miezi mitatu juu yangu. Jumapili moja, baada ya ibada, patron huyo akaja kuniona.

"Médard, huyu njo ule mutoto unanisemeaka kila siku?"

"Njo yeye, patron. Mikono yake iko na akili."

Papa Kambale aliniangalia vidole, akacheka. "Sikia, mama. Binti yangu ataolewa mu mwezi wa munane. Nataka nimupeleke ku kanisa na hii gari, miye mwenyewe nikishika volan. Ukiiwasha, unaingia mu garaji yangu, fundi kamili kama bengine bote. Ukishindwa, Médard ananiacha nakula unga yangu na amani. Tunasikilizana?"

Tulisikilizana. Kwa Papa Kambale labda hilo lilikuwa jambo dogo la Jumapili. Kwangu ilikuwa garaji ya nane, na nilijua hakutakuwa na ya tisa.

Shida ya kwanza ilikuwa mahali. Kwenye garaji ya malori patron hakutaka, maana pale alisema gari lingelala na magurudumu manne na kuamka na mawili. Uani kulikuwa na mvua za Novemba, na baada ya mvua vumbi jekundu linaloingia hata ndani ya yai. Tonton akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye sahani, kwamba gari likae uani chini ya turubai na motere iingie sebuleni. Tantine Béa aliacha kutafuna. "Mu salon yangu? Fasi bageni banaikalaka?" Tonton akamuuliza wageni hao huja mara ngapi. "Basi sasa njo habatakuya tena!" alisema Tantine, lakini Jumatatu mimi na yeye tulikuwa tukisukuma makochi kwenda chumba cha kulala, na hajawahi kunieleza ni kwa nini alikubali. Wanaume wanne waliibeba motere wakaiweka chini katikati ya sebule. Toka siku hiyo tulikula jikoni, juu ya vigoda, mbabula ya makaa katikati ya magoti yetu: ugali wetu wa bukari na samaki mkavu wa bitoyo, bukari na mchicha wa lengalenga, na kila kitu kikinukia petroli kidogo. Tantine alikuwa ananusa tonge kabla ya kulitia mdomoni, ananitazama, halafu analimeza.

Niliifungua motere ile pole pole, nikaweka kila kipande juu ya magazeti kwa mpangilio wake, kutoka dirishani mpaka mlangoni. Hapo nilikuwa na raha, nakiri, na ndiyo raha pekee ya mwaka mzima. Baada ya hapo kila kitu kilinikatalia. Ringi za pistoni zililetwa na dereva wa lori kutoka kusini, zikawa ndogo. Zikaagizwa nyingine, zikaja zile zile ndogo kwenye boksi tofauti. Gasketi haikupatikana popote, ikabidi nikaichongeshe ya shaba kule Kenya, mtaa wa mjini kwetu, si ile nchi, kwa Papa Ilunga, mzee mwenye mashine ya kukereza vyuma na ulimi unaokata zaidi ya mashine. Na jioni, nikiwa nimechoka na nimeshaumia kidole, Tonton Médard anarudi kutoka bohari, anachuchumaa kando ya magazeti na suruali yake ya kazi yenye unga, ananyoosha kidole: "Na hii inafanyaka nini?" Namweleza. Kesho yake ananyoosha kidole kwenye kipande kile kile. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza habari za watoto wa jirani. Nilikuwa namjibu kwa maneno mawili, wakati mwingine kwa moja, na siku nyingine nilijifanya nina bisibisi mdomoni. Sasa nina umri karibu na aliokuwa nao, na nina kijana garajini kwangu ambaye hunijibu hivyo hivyo. Ninastahili.

Lazima nieleze kitu kimoja cha ufundi, kimoja tu, maana bila hicho hamtanielewa hasira yangu. Ndani ya motere ile kuna mikono minne ya chuma inayoshika pistoni. Sisi tunaiita biele. Kila biele ina kofia yake, inayofungwa chini kwa boliti mbili. Biele na kofia vilichongwa pamoja, tundu moja. Ukichukua kofia ya huyu ukamvika yule, itaingia, boliti zitakaza, utaona kama iko sawa, na haiko sawa. Kwa kawaida kiwanda hupiga namba, lakini fundi fulani wa zamani alikuwa amezisugua zile namba zikaisha. Papa Ilunga aliniambia tangu siku ya kwanza: "Piga alama na pointo. Nyundo moja ku biele, nyundo moja ku kofia." Mimi nilikitazama kile chuma, laini, cha kung'aa, nikaona haya kukitoboa kwa msumari huo wa alama. Nikaandika namba kwa chaki. Moja, mbili, tatu, nne, kwa mwandiko mzuri wa shule.

Mwezi wa nne, asubuhi ya Jumatano, Tonton Médard aliketi juu ya mfuko wa unga kwenye bohari, akasema ngoja nipumue kidogo, na hakuinuka tena. Mimi ndiye niliyeitwa hospitali pamoja na Tantine. Mambo ya hospitali nayaruka. Mnamo saa kumi mchana nilitangulia kurudi nyumbani ili nitafute kitambulisho chake, na kutoka barabarani nikaona viti tayari vimepangwa nje, na nikasikia wamama wanaimba nyuma ya nyumba. Wenye kufahamu desturi yetu wanajua kilichofanyika. Mtu akifa, sebule inatolewa kila kitu, inabaki sakafu, wanaweka mikeka na magodoro ili mjane aketi chini na wenzake walale naye. Hiyo ni kazi ya majirani, na inafanywa haraka, kabla mjane hajafika, asije akakuta nyumba yake imekaa kama jana. Sebule yetu ilikuwa safi. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Hakukuwa na gazeti hata moja.

Nilikwenda nyuma. Wamama sita walikuwa wamezunguka beseni kubwa mbili, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya povu la sabuni, na katikati yao Mama Odia, pagne yake ya kitenge imefungwa kifuani, akiongoza wimbo. Ndani ya beseni moja kulikuwa na sahani za kilio. Ndani ya nyingine kulikuwa na motere yangu. Vali, ambazo tunaziita supapu, springi, boliti, biele, kofia, vyote pamoja, vinagongana, na wamama wanavisugua kwa brashi kimoja kimoja na kuvirundika juu ya gunia ili vikauke juani.

"Ngalula, mwanangu," Mama Odia aliniambia, na macho yake mekundu ya kulia, "usisumbuke na kintu. Bile byuma bya Tonton yako tulishasafisha byote. Byote! Bilikuwa buchafu, mama, haikuwa ya kuachia muntu mukubwa hivi."

Nilipiga magoti kando ya lile gunia. Nilichukua kofia moja nikaigeuza. Nyeupe, safi, haina kitu. Nikachukua ya pili. Ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nikiwa nimeshika kile chuma kifuani, na wamama wote sita waliacha kazi wakaja kunikumbatia na mikono yao yenye povu. "Lia, mama, lia, usiweke ndani." Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake: "Huyu mutoto alipenda tonton yake, kweli." Na Mama Odia ndiye aliyenikamata kwa nguvu zaidi, kichwa changu kwenye bega lake. Niliacha wafikiri hivyo. Siku zote za kilio watu walikuwa wananionyesha kwa heshima, yule ndiye aliyelia mpaka akakosa nguvu, na mimi nilikuwa nakaa kwenye mkeka kando ya Tantine nikihesabu kichwani kofia nne na biele nne zinaweza kuvikana kwa njia ngapi. Ni ishirini na nne. Tonton Médard alikuwa kwenye jeneza hatua tatu kutoka kwangu na mimi nilikuwa nahesabu. Jambo hili sijapata kumwambia mtu.

Siku ya tatu mchungaji alikuwa anakula wali pamoja na wazee, akaacha kutafuna, akatoa kitu mdomoni kwa kitambaa na kukiweka kwenye ukingo wa sahani. Kilikuwa kile kipini kidogo kinachoshikilia supapu. Kilikuwa kimebaki ndani ya beseni ambayo wamama walioshea mchele. Nilipita nikainama, nikasema pardon mchungaji, nikakichukua. Ndicho kipande pekee kilichorudi kwangu chenyewe.

Kilio kilipoisha na watu wakaenda, nilirudisha magazeti. Tantine hakukataa, alikuwa hakatai wala hakubali kitu chochote siku zile. Kutu ilikuwa imeshaanza kwenye vyuma, rangi ya chungwa, maana maji na sabuni si dawa ya chuma. Nikasugua, nikapaka mafuta, nikapanga, nikapangua. Na kila asubuhi Mama Odia alikuwa anakuja kumwona mjane, analeta uji au kikanda cha viazi pori, na akitoka anachungulia sebuleni na furaha ya mtu aliyetenda wema: "Bile byuma, biko muzuri?" "Biko muzuri, mama," nilikuwa namjibu, na moyoni namtukana. Siku moja nilimwambia Tantine kwamba nitamwambia ukweli huyu mama, aache kuniuliza. Tantine alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliweka kisu chini.

"Ngalula. Ule mama alilala chini na miye siku saba, na mugongo yake ile ya kuuma. Ukimuambia hata neno moja juu ya byuma, utanitafuta."

Nilipeleka biele na kofia zote kwa Papa Ilunga. Alinicheka mpaka akakaa. "Nilikuambiaka nini? Pointo! Lakini weye ulisoma mingi, unaandika na craie ya ku shule." Asiyesikia la mkuu, na kadhalika, nilisimama pale nikasikiliza yote, maana nilikuwa namhitaji. Alipima kila jozi kwa kifaa chake. Mbili zilijitambulisha: kofia ilikaa na ukucha ukipita kwenye kiungo hauhisi kitu. Zilizobaki mbili zilifanana mno. Dawa ilikuwa kuzichonga upya kwenye mashine, lakini Kenya yote ilikuwa haina kura, yaani umeme, transfoma imeungua, siku ya kumi, siku ya ishirini, siku ya thelathini. Nilikuwa naenda kila siku ya tatu. Nakuta mashine imefunikwa na gunia na mzee anacheza damu, yaani drafti, kwa vifuniko vya chupa. "Ngoja kura irudi," ananiambia. "Arusi haingoje kura," namjibu. "Basi oa weye," ananiambia. Mwezi wa saba ukaisha. Nikarudi nyumbani, nikachukua zile jozi mbili, nikafumba macho nikapitisha ukucha, nikachagua, nikafunga motere.

Jumamosi moja kabla ya arusi, uani kwetu. Motere imo ndani ya gari, gari limefutwa vumbi, avenyu nzima imekuja. Papa Kambale amevaa koti. Mama Odia anazunguka na sinia la sukre, soda baridi. Nilikaa, nikazungusha ufunguo, ikakataa. Nikazungusha tena, ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka. Ile sauti! Watu walipiga kelele, mtoto akaanza kulia, Tantine Béa alifunika mdomo kwa mikono miwili. Papa Kambale alikuwa anacheka na kupiga mabati ya uzio kwa kiganja. "Lundi asubuhi!" alikuwa ananipigia kelele dirishani. "Lundi asubuhi unaingia garaji, mama!"

Mimi nilikuwa nimeshasikia. Chini ya ile sauti nzuri, kila nilipoachia mafuta, kulikuwa na kitu kinabisha. Pole tu, tok, tok, tok, mtu mwenye adabu mlangoni. Niliangalia watu wote wale na nikajua kwamba hakuna mwenye sikio isipokuwa mimi. Ningeweza kukaa kimya. Kanisa halikuwa mbali. Pengine ingefika, pengine ingerudi, na mimi Jumatatu ningekuwa ndani ya garaji. Nilizima motere.

"Juu ya nini unazima?" Papa Kambale bado alikuwa anacheka.

"Papa, musiiendeshe. Biele ya tatu inagonga. Inaweza kupasua motere mu barabara, na mutoto wenu iko ndani."

Alinitazama. Alitazama motere. Uso wake ukafunga kama unavyofunga kwa ajili ya malori. "Nani aliiharibu?"

Mama Odia alikuwa amesimama nyuma yake kabisa, na sinia, akinitazama kwa huruma. Miezi minne nilikuwa nimelipika lile jibu. Nilikuwa nalisema nikioga. Lilikuwa tayari, pamoja na beseni na sabuni na kila kitu.

"Miye, papa," nilisema. "Niliandika kofia na craie. Ilifutika."

Aliondoka bila kunywa. Arusi ilifanyika na gari la kukodi, na siku ile tuliyofunga tena turubai juu ya gari Mama Odia alinishika bega akaniambia taratibu: "Pole, mwanangu. Pengine hatukusafisha muzuri." Niliingia chumbani nikauma mto.

Jumatatu lori likaja kuchukua gari na motere yake. Mwezi wa nane ukaisha, wa tisa ukaanza. Sikwenda popote. Tantine alirudisha makochi sebuleni peke yake, bila kuniita, na nilimsikia akiyavuta nikabaki nimelala. Katikati ya mwezi wa tisa dereva mmoja akaja kunichukua, akanipeleka upande wa Naviundu, kwenye garaji ya malori. Papa Kambale alikuwa amesimama kando ya meza, motere imefunguliwa, na mkononi ana kile chuma laini cha ndani ya biele ya tatu, kimeliwa upande mmoja.

"Ilikuwa ya tatu," alisema.

"Ndiyo, papa."

"Niko na bafundi kumi na moja hapa. Lori ikikufa, banasema njo barabara, njo mafuta, njo chauffeur, njo balozi baliiloga. Miaka yote hii hakuna hata mumoja alinisemea, njo miye." Alichukua ovaroli chafu kwenye msumari akanitupia. "Vaa. Na uifanye upya. Na pointo."

Ovaroli ile ilikuwa ya mwanaume mnene, niliikunja mikono mara tatu. Nilifanya kazi mpaka saa kumi na moja. Nilirudi kwa miguu njia yote maana sikuweza kukaa, nilikuwa naongea peke yangu, nikaingia uani karibu nakimbia, nikasukuma mlango wa sebule.

"Tonton!" niliita. "Tonton, banikamata ku kazi!"

Tantine Béa alikuwa kwenye kochi, na bakuli la maharagwe magotini. Tuliangaliana. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kitasa. Miezi mitano ilikuwa imepita, nilikuwa nimemvika viatu vyake vya mwisho, nilikuwa nimesimama kwenye kaburi, na sikuwa nimejua. Nikaenda chini pale pale mlangoni, na nikamlia Tonton Médard. Tantine aliacha bakuli likamwagika, akaja sakafuni, tukashikana, na yeye akalia kama siku ya kwanza.

Bila shaka tulilia kwa sauti kubwa, maana mlango wa nyuma uligonga ukutani na Mama Odia akaingia mbio, bila kitambaa kichwani, mkono bado una unga wa bukari.

"Nani alikufa? Béa, nani alikufa?"

Tantine aliinua uso.

"Ni Médard," alisema.

Mama Odia alisukuma kochi kwa nyonga likafika ukutani, akaketi chini pamoja nasi.